Kanzu Nyeupe, Buibui Jeusi: Nilivyojifunza Kamera Nikiwa Chuoni

Kamera niliyojifunzia si yangu. Ni Canon EOS 1100D ya ami, toleo la mwaka 2011, na lenzi yake ile ya 18-55 inayouzwa pamoja nayo. Ami alikuwa akipiga harusi hapa Unguja kabla hajahamia Dar, akaiacha kwa bibi, Kikwajuni, imezongwa kwenye kanga kabatini. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma utalii, na sitasema uongo kwamba niliiomba kwa sababu ya mapenzi ya sanaa. Nilitaka kazi. Kwetu sherehe ya wanawake huingia wanawake tu. Bibi harusi akishapambwa na mabuibui yakavuliwa, hapana mwanamume anayekanyaga ukumbini, hata awe fundi wa picha wa namna gani. Na harusi huja kwa mkupuo: watu hukimbizana kuozesha kabla Ramadhani haijaingia, kisha wanaanza tena Mfunguo Mosi. Msichana anayeijua kamera hakosi pa kwenda.

Ami alinifundisha kwa simu. Neno lake la kwanza: "Mwanangu, ondoa kwenye ile alama ya kijani. Weka Av, ukae hapo mpaka ukuchoshe." Alama ya kijani ni pale kamera inapoamua kila kitu yenyewe. Kwenye Av wewe unachagua ukubwa wa kitundu cha lenzi, kamera inatafuta kasi ya shata ya kukifuata, yaani muda ambao pazia la ndani linakaa wazi kupitisha mwanga.

Namba za kitundu zilinisumbua kwa sababu zinakwenda kinyumenyume: namba ndogo, tundu kubwa. Ami akanipa hesabu ya shule ya msingi. Chukua urefu wa lenzi ulioandikwa juu yake, tuseme milimita 50, gawanya kwa namba uliyochagua. 50 kwa 2 ni 25, basi tundu lina upana wa milimita 25. 50 kwa 4 ni 12.5. Upana umepungua nusu, lakini eneo la duara limebaki robo, na mwanga unaoingia umebaki robo vilevile. Ndiyo maana katikati ya 2 na 4 wameweka 2.8, hapo mwanga unakuwa nusu. Zipange 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16: kila ukisogea moja umekata mwanga nusu. Shata nayo ni nusu kwa nusu, 1/60 ya sekunde, 1/125, 1/250. ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, hivyohivyo, 100, 200, 400. Nilipoiona hiyo mbili imejificha kote, sikuwa na cha kukariri tena. Nikifunga kitundu hatua moja, hatua hiyo lazima niirudishe kwenye shata au kwenye ISO, basi.

Shata nilijifunzia Forodhani. Jioni vijana hukimbia wakachupa baharini kutoka ukutani, kila mmoja na mtindo wake, na hawachoki kuchupa ilimradi pana anayewatazama. Kwa 1/1000 kijana anaganda hewani na matone yamemzunguka; kwa 1/60 anakuwa mstari tu. Darajani nilifanya kinyume chake: 1/30, nafuata vespa kwa kamera huku inapita, mwenye vespa anatoka safi na maduka nyuma yake yanakuwa michirizi. Picha nyingi za namna hiyo ni za kufuta, na hapana fundi asiyefuta.

Somo lenyewe hasa, lile ambalo bila yake nisingethubutu kuchukua fedha ya mtu, nililipata Jaws Corner, pale Mji Mkongwe wazee wanapokaa kwa kahawa na dhumna. Picha ya mtu barazani haichukuliwi kimyakimya. Nikatoa shikamoo, nikaeleza kwamba najifunza. Babu mmoja, kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia ya viua kichwani, akanijibu, "Marahaba. Unajifunza, au ndiyo unakwenda kutuuza kwa watalii?" Wenziwe wakacheka, akakubali, akajiweka sawa. Nikapiga. Kwenye kioo kanzu ikatoka ya kijivu kama haijafuliwa, na uso wa babu, mweusi wa kung'ara, ukawa giza tupu. Pembeni palikuwa na bibi muuza kashata aliyevaa buibui, naye akataka yake. Kivuli kilekile, ukuta uleule. Buibui likatoka kijivu limepauka, na uso wake umeungua kwa weupe.

Usiku nikamtumia ami picha zote mbili. Akanieleza. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kanzu wala buibui. Kinapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, na kimetengenezwa kudhani kwamba kila kitu duniani, ukichanganya vyeupe na vyeusi vyake, ni kijivu cha katikati, kijivu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Ukikipa kanzu inayojaza fremu, kinasema "mwanga umezidi" na kuupunguza mpaka kanzu iwe kijivu. Uso unazama pamoja nayo. Ukikipa buibui kinasema "mwanga hautoshi", kinaongeza mpaka buibui liwe kijivu, uso unaungua. Kwa hiyo unakwenda kinyume na akili ya kawaida. Kwenye cheupe unaongeza mwanga, kwenye cheusi unapunguza. Katika ile 1100D unashikilia kitufe cha Av chenye alama ya kujumlisha na kutoa, huku unazungusha gurudumu. Kwa kanzu nilianza na kujumlisha 1, yaani hatua moja, kwa buibui kutoa 1, halafu nikawa naongeza na kupunguza theluthi theluthi kwa macho.

Niliporudi Jaws Corner nikiwa na hiyo hesabu kichwani, kanzu ya babu ikawa kanzu. Uso nao ukapata mikunjo yake, na ule mng'ao wa paji la uso unaotokea kwa watu weusi penye kivuli kizuri. Akaitazama kwenye kioo akasema, "Hapa sasa."

Lakini pana jambo jingine, na hapa maelezo mengi ya mtandaoni yaliniacha njiani, kwa kuwa nyuso zilizotumika ndani yake si za rangi yetu. Wanasema: pima uso. Kamera yangu ina upimaji wa sehemu, inasoma kiasi cha asilimia 10 tu ya fremu, katikati, kwa hiyo uso unaweza kuupima peke yake. Sawa. Ila uso mweusi hasa ni mweusi kuliko kijivu cha katikati, basi kamera itaung'arisha mpaka ufanane na uso wa mtu mwingine. Kwa babu yule, nikipima uso napunguza theluthi mbili. Kwa binamu yangu mwenye asili ya Kihadhramu, mweupe, naongeza karibu hatua nzima. Kwa rangi za katikati sigusi kitu. Hesabu hii inataka umtazame mtu kwanza. Haya si mambo mapya: enzi za filamu, Kodak walipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi za kulinganishia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na kwa miaka mingi hizo ndizo zilizokuwa kipimo cha ngozi ya kila mtu.

Dawa niliyoipenda zaidi ni ya kiganja. Viganja vya watu havipishani rangi kama nyuso zinavyopishana, na kwa kawaida kiganja ni hatua moja hivi juu ya kijivu cha katikati. Naweka mkono wangu kwenye mwanga uleule alipo mtu, napima kiganja, naongeza hatua moja, nakwenda kwenye M, pale ninapoamua kila kitu mwenyewe, na kuziacha namba palepale. Akiingia mwenye gauni jeupe, akitoka mwenye jeusi, kamera haibabaiki tena, maana haiulizwi.

Kuhusu mwanga wenyewe, Mji Mkongwe ni shule ya bure. Vichochoro ni vyembamba, jua la mchana haliteremki mpaka chini, na kuta za chokaa zinaurudisha mwanga taratibu kutoka pande zote. Mtu akikaa kwenye baraza, uso kuelekea upande uliofunguka, hahitaji taa yoyote. Sharti utazame ukuta wa mbele yake, maana ukuta wa kijani unampaka mtu kijani shavuni, na mama mtu atauliza mwanawe ana nini. Pia kivulini, mbingu ikiwa wazi, picha hutoka na ubuluu. Nikiweka mizani ya rangi, pale unapoiambia kamera uko kwenye mwanga gani, kwenye alama ya kivuli inatulia. Nje uwanjani ni habari nyingine. Mwanzoni mwa Machi na tena siku za mwanzo za Oktoba jua hutupitia utosini, na saa sita mchana kila mtu ana mashimo meusi mahali pa macho. Saa hizo nilikuwa nalala. Jioni mwanga mzuri upo lakini ni mfupi, kwa sababu huku karibu na ikweta jua linashuka wima. Tangu alasiri nilikuwa nimeshachagua pa kusimama.

Wenzangu chuoni walikuwa wakisema subiri upate kamera ya maana. Mohamed Amin, ambaye baadaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilitikisa dunia, alianza akiwa mwanafunzi Dar es Salaam na Box Brownie iliyokwisha kutumika, kamera ambayo haina karibu chochote cha kurekebisha. Na hapa kwetu barabara ya Kenyatta, Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, kuna picha za watu wa Unguja za miaka ya zamani, nyeusi na nyeupe. Niliingia pale nikawa natafuta kivuli cha pua kinaangukia wapi. Ukikiona kivuli cha pua umeijua taa imesimama upande gani. Nikirudi nyumbani namkalisha mdogo wangu dirishani, nalitegesha pazia mpaka kivuli kiangukie hivyohivyo. Alinichukia kwa muda.

Fedha ya kwanza ilitoka kwa wanafunzi wenzangu, picha za passport saizi za fomu na vitambulisho. Ukuta mweupe nyuma, mtu mbele, kujumlisha 1. Nikanunua lenzi ya 50 yenye kitundu cha 1.8, ambayo kwa ukubwa wa sensa ya 1100D inabana picha kama lenzi ya 80. Ni nzuri kwa nyuso, mbaya kwa chumba kidogo. Kompyuta niliazima. Programu ya kusafishia picha nilitumia darktable, haiuzwi. Nikaanza kupiga RAW, faili ghafi la kamera, badala ya JPEG, picha ya kawaida iliyokwisha kubanwa, kwa sababu JPEG inahifadhi viwango 256 vya mwanga kwa kila rangi, na RAW ya kamera hii ni ya biti 14, viwango 16,384. Kanzu iliyokaribia kuungua, mishono yake mara nyingi inarudi.

Harusi ya kwanza ilikuwa ya jirani. Asubuhi, nyumbani, bibi harusi alikuwa ameshapakwa hina na piko mpaka juu ya viwiko. Nikamwomba aiweke mikono yake kizingitini pa dirisha, viganja juu, vidole vimelegea. Lenzi ya 50 kwa 1.8 ilinipa ua moja tu lililo wazi na mengine yote yamefifia. Inavutia, lakini aliyempaka alikaa usiku kucha kwa yale maua yote. Nikafunga mpaka 8, ISO ikapanda 800, shata 1/100, na kila jani likaonekana, na ule uwekundu wa hina pembezoni mwa weusi wa piko.

Ukumbini ndiko kwenye vita. Taa za rangi zinabadilika kila sekunde, zambarau, kijani, na kipaza sauti kinakutoboa masikio. Nilikuwa na fleshi kuukuu ya ami ya kuchomeka juu. Haielekezwi usoni; unaigeuza itazame dari nyeupe, mwanga ushuke kama wa mchana. Dari ya ukumbi ule ilikuwa imetandwa vitambaa vya zambarau. Fundi mwenzangu, mama mtu mzima aliyekuwa akipiga video, aliniona nikihangaika, akanivuta mkono: "Mwanangu, geuza fleshi nyuma yako, ule ukuta ni mweupe." Nikaigeuza. ISO 1600, kitundu 4, 1/125, kiganja changu nimeshakipima. Somo (ndivyo tunavyomwita kungwi wa bibi harusi) alikuwa mweusi tititi amevaa dhahabu, bibi harusi mweupe amevaa gauni jeupe, wamekaa shavu kwa shavu. Zikatoka ngozi mbili, kila moja yake.

Sasa huwa napatana mambo mawili kabla ya bei. La kwanza, naomba kuuona ukumbi siku moja kabla, nitazame dari na kuta. La pili ni la siri: picha hazionyeshwi popote. Nikimaliza kuzisafisha naziweka kwenye flashi ya kompyuta, nampa mama wa bibi harusi mkononi, naye anasimama hapo hapo nikifuta memori kadi na kompyuta mbele yake. Wapo wanaoniuliza nitajitangaza vipi bila picha za kuonyesha. Akina mama wenyewe wanatosha. Unguja habari haihitaji picha.