Hatutawaficha Watoto Wao

Somo: Zaburi 78:1–8

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Zaburi ya 78 inaanza kwa ahadi: tuliyoyasikia kwa baba zetu, hatutawaficha watoto wao. Wengi tunaishia mstari wa 4, penye sifa za Bwana na mambo yake ya ajabu. Tuendelee kidogo. Mstari wa 8 unawataja baba hao hao kuwa kizazi cha ukaidi na uasi, na kutoka hapo zaburi inasimulia tamaa ya chakula jangwani, agano lililovunjwa, na Mungu aliyekuwa akiwarehemu tena na tena. Mtoto wa Israeli aliambiwa yote, hata aibu ya ukoo wake.

Nimeliona jambo hili likitendeka huku Marangu. Bibi yangu mzaa mama, aliyekwisha kuvuka miaka 80, akikaa na binti yangu wa miaka sita hamsimulii habari za sungura na fisi. Anampa habari za nyumbani. Ungo wa maharage uko katikati yao, mtoto anapukuchua, bibi anaongea. Shangazi wa Mwanza amejifungua, na alimwomba Mungu mtoto kwa miaka mingi. Babu wa ng'ambo ya mto haamki kitandani. Ng'ombe wa mjomba kazaa dume tena. Kila jina likitajwa mtoto anauliza, "Huyo ni nani kwetu?" na bibi hachoki kumpangia: ni mtoto wa dada yake babu yako, yule aliyetuletea mablanketi. Habari ikiwa ya ugonjwa, maharage yanawekwa chini hapo hapo, wanaomba, kisha kazi inaendelea.

Kutoka hapo anaingia ya zamani. Mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha mwenge na bendera kilele cha Kilimanjaro, bibi alikuwa mke kijana mwenye mtoto mgongoni. Kahawa ilikuwa mali ya babu, na fedha yake ilipitia chama cha msingi na KNCU, ule ushirika ulioanza mwaka 1933. Mali za akina mama zilikuwa ndizi na maziwa. Malipo ya pili ya kahawa yakichelewa na ada ya shule inadaiwa, bibi alijitwika mkungu kwenda sokoni, na akimsimulia mtoto hasemi "nilihangaika". Anasema, "Mungu alituletea mteja."

Kisha wanashuka kihambani, yaani shamba la ukoo, kwenye makaburi yenye mmea wa isale pembeni. Hapo mtoto aliambiwa kwamba babu na kaka yake waligombania mpaka wa shamba wakakaa miaka hawaamkiani, nao wanasali kanisa moja. Ilikwisha pale babu alipojishusha akaenda kwa kaka yake na jani la isale mkononi, maana kwetu Uchaggani anayeombwa msamaha kwa isale hawezi kukataa.

"Nani alikosa?" mtoto akauliza.

"Babu yako ndiye aliyekosa, mama."

"Na Mungu alimsamehe?"

"Alimsamehe mapema. Kaka yake ndiye aliyechelewa."

Wapo wanaosema mtoto mdogo asibebeshwe mambo ya wakubwa. Nakubali kwamba yapo ya kusubiri umri, na bibi mwenyewe anayajua, kuna mengine hadi leo hajanigusia hata mimi. Lakini ugomvi uliokwisha kwa msamaha, kwa nini tuufiche? Tukiwaonyesha watoto ukoo wa watu wasio na doa, siku wakikosa wataona aibu kurudi nyumbani. Yoshua aliposimamisha mawe kumi na mawili Gilgali, alitazamia kabisa kwamba watoto watauliza maana yake. Huku kwetu kaburi na isale vinaulizwa vivyo hivyo, ili mradi mtu mzima awepo wa kujibu.

Na muda hautungoji. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Bibi yangu alilelewa na bibi yake, ambaye siku hizo alikuwa binti mdogo asiyejua jina la Yesu, akabatizwa ukubwani na kuimba nyimbo za Kilutheri hadi uzeeni. Hebu fikiri: kati ya binti yangu na wakati ambao wamisionari hao hawakuwa wamefika kwenye miteremko hii, wapo wazee wawili tu. Paulo alimkumbusha Timotheo imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi, kisha katika mama yake Eunike. Baba yake alikuwa Myunani. Imani ile ililelewa na wanawake wa nyumba ile, na 2 Timotheo 3:15 inasema aliyajua maandiko tangu utoto.

Mnaopanda na watoto Desemba kutoka Dar es Salaam na kwingineko, nawasihi msimalize likizo yote kwenye ndafu na ugeni. Simu iwekwe kando, mtoto aachwe na bibi asubuhi nzima. Kama Kichagga hakijui, bibi atachanganya na Kiswahili, wataelewana. Na mzee ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka asiachwe kando kwa sababu anarudia-rudia. Mtoto hachoki kurudiwa kama tunavyochoka sisi.

Tuombe. Ee Mungu wa Loisi na Eunike, wape wazee wetu nguvu na kumbukumbu za kutosha kuwasimulia vitukuu vyao. Uwaguse wagonjwa tuliotajiwa wiki hii, umtunze mama aliyejifungua na mtoto wake. Ndugu wasioamkiana kwa sababu ya mipaka ya vihamba, uwapatanishe wangali hai. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.