Komeo Jipya Katika Rivolva ya Fataki

Majuma matatu yaliyopita, hapa Indiana, Marekani, ninapoishi, nilivuta nyundo ya rivolva yangu na silinda, yaani kile kipande kinachozunguka chenye matundu ya risasi, ikapitiliza bila kukaza. Niliijaribu kwa vidole, nayo ikaendelea kuzunguka kama gurudumu la cherehani. Nilikuwa bado sijaitia baruti, na namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu tundu la silinda lisilolingana na mtutu huinyoa risasi ubavuni na kurusha vipande vya risasi kwa mpigaji na kwa wote waliosimama kando yake.

Silaha yenyewe ni nakala iliyotengenezwa Italia ya Colt ya jeshi ya mwaka 1860, ile ya kipimo cha .44 iliyotumiwa sana na askari wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ni jamaa wa gobori: kila tundu kati ya matundu sita hutiwa baruti nyeusi kwa upande wa mbele, risasi ya mviringo hushindiliwa juu yake, na upande wa nyuma fataki, yaani kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo na kuwasha baruti, huvishwa kwenye chuchu ndogo ya chuma. Hunifurahisha kwamba katika kazi hii Kiswahili hakilazimiki kubuni maneno, kwa kuwa tayari kina maneno ya bunduki za zamani: gobori, fataki, mdeki (ufito wa kushindilia) na kushindilia.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote nilihakikisha kwamba chuchu zote hazina fataki na matundu yote ni matupu, kisha nikaiweka nyundo katika nafasi ya nusu, nikaisukuma kabari inayofunga mtutu kwenye mhimili ambao silinda huuzunguka, na kuutoa mtutu pamoja na silinda. Bisibisi inapaswa kujaza mfereji wa skrubu kikamilifu, la sivyo kichwa cha skrubu huchanika.

Chanzo kilionekana mara moja. Ndani ya Colt za aina hii kuna springi bapa yenye miguu miwili: mmoja husukuma komeo, yaani kile kipande kinachoingia katika pengo la silinda na kuizuia, na mwingine hurudisha kifyatulio. Mguu wa komeo ulikuwa umekatika karibu na shina, na komeo lenyewe lilikuwa limelika pembe zake hata likawa duara. Niliagiza vyote viwili.

Watu wengi hudhani kwamba kipuri kikifika, kazi ni kukaza skrubu tu. Kiwanda cha Colt kule Hartford kilisifika kwa sehemu zinazobadilishana, na Samuel Colt mwenyewe alizionyesha bastola zake katika Maonyesho Makubwa ya London mwaka 1851. Hata hivyo, sehemu kuu za kila bastola zilipigwa namba yake, kwa kuwa fundi alikuwa amezioanisha kwa tupa. Komeo jipya huja likiwa nene makusudi ili fundi apate chuma cha kupunguza. Kanuni ninayoishika ni kwamba tupa hugusa kipuri peke yake, na haigusi silinda wala fremu, kwa sababu komeo likiharibika utanunua jingine kwa bei ndogo, lakini pengo la silinda likipanuliwa halirudi.

Nilipaka kichwa cha komeo masizi ya mshumaa, nikalibonyeza katika pengo, nikalitoa na kutazama mahali palipong'aa, kisha nikapitisha tupa laini mara mbili au tatu na kurudia. Jioni nzima ilipita hivyo. Kichwa kinapaswa kuingia hadi chini bila kusukumwa kwa nguvu, na silinda isicheze inapokuwa imefungwa.

Sehemu ngumu zaidi ni wakati wa komeo kuanguka. Nyundo inapovutwa, nundu iliyo ubavuni mwake huuinua mkono mwembamba wa komeo, kichwa kikashuka na kuiachia silinda. Nundu inapoupita mkono huo, komeo hurudi juu. Likirudi mapema mno, huikwaruza silinda na kuizungushia mstari usiofutika. Likichelewa, silinda hupita. Langu lilichelewa, basi nikapunguza ncha ya mkono kidogo kidogo, nikiunganisha na kufungua kila mara, hadi nikalisikia likianguka katika njia ndogo inayotangulia pengo. Kidole kinachosukuma silinda hakikuhitaji kuguswa; kingekuwa kirefu kupita kiasi, silinda ingefungwa kabla nyundo haijafika mwisho, na kila mvuto ungeikamua mitambo.

Springi mpya niliisugua kingo kwa msasa laini, nikifuata urefu wake, kwa kuwa mkwaruzo wa kukata upana ndipo ufa unapoanzia. Imekwisha kutiwa matiko, hivyo haipaswi kukaribia moto.

Kwa kuwa bastola ilikuwa wazi, nilikagua pia mhimili. Katika baadhi ya nakala mhimili haufiki mwisho wa tundu lake ndani ya mtutu, na matokeo yake kabari ikigongwa zaidi huuvuta mtutu nyuma hadi ukaibana silinda. Niliuchomeka mtutu bila silinda, nikiwa nimeugeuza upande ili usikutane na fremu, nikausukuma hadi ukagota. Kitako cha mtutu kilipita uso wa fremu kwa unene wa kadi ya simu. Kisahani cha chuma cha unene huo, kilichowekwa chini ya tundu, kilimaliza tatizo, na sasa kabari inaingia na kusimama palepale kila mara.

Chuchu nilizifungua, nikaziosha kwa maji ya moto na sabuni, nikazirudisha na grisi kidogo kwenye nyuzi zake, maana masalia ya baruti nyeusi huvuta unyevu na kuzigandisha kwa kutu. Jumamosi nilikwenda uwanjani na kipimo kidogo, kama gramu 1.6 za baruti kwa kila tundu. Kabla ya kutia chochote niliivuta nyundo polepole mara kumi na mbili, mara mbili kwa kila tundu, na silinda ikakaza mara zote kumi na mbili.