Siku moja maishani mwangu: napima mvua Tabora, nasoma theluji ya Davos

Saa 11:10 alfajiri

Bodaboda wangu hachelewi, mimi ndiye huchelewa. Januari Tabora ni tope na miembe iliyolowa. Mvua imekata usiku lakini matawi bado yanadondosha maji, na dereva anakwepa dimbwi moja kwa kuingia lingine. Nafika kazini nimechafuka mpaka magotini.

Saa 12:00 asubuhi

Kituo chetu cha hali ya hewa hakina maajabu: nyasi fupi, uzio, kipimamvua, na kibanda cheupe chenye luva, yaani vibao vya kupitisha hewa, kilichosimama kwa miguu minne. Ndani ya kibanda vipimajoto viwili vimesimama bega kwa bega. Kimoja ni kikavu. Cha pili kimevishwa kitambaa cha pamba miguuni, na utambi wake unanyonya maji kutoka kwenye kikopo. Maji yakigeuka mvuke huondoka na joto, kwa hiyo hiki cha kitambaa husoma chini ya mwenzake. Tofauti yao ndiyo inayonipa unyevu wa hewa.

Leo vyote vinasoma nyuzi 19.6. Vikilingana, maana yake hewa imeshiba, tuko ndani ya ukungu. Natazama nje: naona mpaka mnara wa simu wa mbali kabisa. Ukungu gani huu? Namulika kikopo kwa tochi. Kikavu! Wa zamu ya usiku alijisahau. Natia maji safi, nalowesha kitambaa, nasubiri robo saa huku nasonya, nasoma upya: 18.1. Namba zinatumwa kwa kuchelewa.

Kikopo hikihiki ndicho kilichonisaidia kuelewa kazi ya mdogo wangu. Yuko Davos, Uswisi, mita 1,560 juu ya usawa wa bahari, anahudumia lifti zinazopandisha watu mlimani kwenda kuteleza kwenye theluji. Desemba alinipigia ameduwaa: kipimajoto kinasoma nyuzi 1 juu ya sifuri, na bado mashine zinapuliza matone ya maji yanayogeuka theluji. Nikamuuliza unyevu. Asilimia 40, akasema. Basi jibu ni hilo. Kipimajoto chenye kitambaa kibichi pale kingeshuka karibu nyuzi 3 chini ya sifuri, na tone la maji lililopulizwa kwenye hewa kavu namna hiyo hujipoza vilevile, likaganda kabla ya kugusa ardhi. Siku mbili baadaye ilikuwa nyuzi 1 chini ya sifuri, hewa imejaa unyevu, na mashine zikawa kimya. Safari hii alinipigia anacheka.

Saa 3:00 asubuhi

Kipimamvua: milimita 14.2. Unapoisoma silinda, jicho liwe sawa na maji. Ukisoma kutokea juu unajiongezea mvua ambayo haikunyesha.

Saa 4:10 asubuhi

Davos ndiyo kwanza imepita saa 2, muda ambao SLF, taasisi ya utafiti wa theluji, hutoa taarifa yake ya asubuhi kuhusu maporomoko ya theluji. Hawa watu wanapima theluji kule Weissfluhjoch, juu ya mji, tangu 1936. Ujumbe wa sauti unaingia.

"Shikamoo dada. Jana walisema theluji sentimita 30. Huku mjini ni mvua tupu, nimelowa mpaka soksi. Nyie wa hali ya hewa ni ukoo mmoja, uongo wenu unafanana."

Marahaba, na kejeli zako. Sentimita 30 za wapi? Leo hewa inafikia nyuzi sifuri kwenye kimo cha mita 2,000. Theluji ikishuka chini ya hapo haiyeyuki papo hapo, huendelea mita 200 au 300 ndipo iwe mvua. Kwa hiyo kuanzia 1,800 kwenda juu ni nyeupe, na nyie wa mjini mnapata maji, kutoka wingu lilelile. Hewa ingepoa kidogo tu, mngeamka mnafukua milango. Hapo wenzangu wa milimani nawaonea huruma: mimi nikikosea nyuzi 2, mvua inabaki mvua.

Nampa kazi. Lifti yake iko kama mita 1,900. Akifika achukue kopo lililonyooka, alijaze theluji mpya sentimita 20 bila kushindilia, aliweke ndani iyeyuke, kisha apime maji.

Saa 7:00 mchana

Matobolwa na chai ya rangi. Mzee mmoja mkulima wa tumbaku anasimama getini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti, mlisema mvua. Kwangu halijadondoka hata tone."

Shamba lake liko kilomita 12 kutoka kwenye milimita zangu 14. Mvua za huku hushuka vipandevipande, namweleza, naye anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza kesi ya mwizi. Anachotaka kujua hasa ni mvua ya mawe, inayomtoboa majani ya tumbaku. Hiyo simuahidi.

Saa 9:00 alasiri

Vipimo, nakabidhi zamu. Kikopo namwonyesha mwenzangu kwa kidole.

Saa 1:05 usiku

Taarifa mpya kutoka Davos: hatari ya maporomoko ya theluji ni daraja la 3 kati ya 5. Mdogo wangu anaona 3 ni katikati, kwa hiyo si mbaya. Hapa sicheki naye. Upepo umeshavunja chembe za theluji na kuzirundika upande wa pili wa mlima, zikashikana kuwa bamba zito juu ya tabaka legevu. Kwenye mteremko wa zaidi ya nyuzi 30, uzito wa mtu mmoja unatosha kulikata bamba hilo. Daraja la 3 huua wengi kwa sababu la 5 likitangazwa watu hukaa ndani. Namwambia asitoke nje ya njia zilizofunguliwa, hata wenzake wakimwita mwoga. Usiku wao utakuwa mweupe bila mawingu, hivyo asubuhi uso wa theluji utakuwa mgumu kama lami, na mchana utalainika.

"Na kopo?"

"Sentimita tatu na nusu."

Theluji mpya ya kawaida, sentimita 20 hutoa maji kama sentimita 2. Hii ilidondoka karibu na sifuri, imejaa maji.

"Ndiyo maana mabega yanawaka," anasema. "Nimeshinda na koleo."

Namhesabia: kila koleo alilobeba leo lilikuwa koleo moja na robo tatu. Anauliza kama hiyo robo tatu inalipwa.