Kete Moja ya Njano

Juzi usiku nilikuwa napanga kabati, nikakuta kete moja ya ludo, ya njano. Moja tu. Sijui imenifuataje kote nilikohamia miaka yote hii. Nilikaa chini nikaishika kiganjani, kazi ya kabati ikaishia hapo.

Mimi ni kitinda mimba. Rangi ya njano ilikuwa yangu kwa sababu wakubwa walikwisha kugawana nyekundu, bluu na kijani kabla sijajua hata kuhesabu nukta za dadu. Nilipoanza kucheza nikapewa kilichobaki, nikakipenda kama vile nilikichagua mwenyewe.

Lakini ludo ilinitesa. Kete haitoki nyumbani mpaka upate sita, na mimi sita haikunijia. Wenzangu walikuwa wanazunguka, wanakulana, wanacheka, nami kete zangu nne zimejipanga pale pale kama zilivyowekwa. Zamu inafika, narusha, mbili. Inarudi tena, narusha, nne. Niliamini kabisa kwamba dadu linanichukia. Nilijaribu kulipulizia, kulisugua shatini, kulinong'oneza maneno mazuri.

Nilipofundishwa hesabu za uwezekano shuleni, jambo la kwanza nililolitafuta kwa kalamu yangu ni hilo. Kurusha dadu mara 10 bila kuona sita hata moja hutokea takriban mara 16 katika kila 100. Tena wakiwa wachezaji wanne, ni karibu nusu kwa nusu kwamba angalau mmoja wao atakutana na balaa hilo mwanzoni mwa mchezo. Kwa hiyo karibu kila jioni ya pili mtu mmoja pale mkekani alikuwa lazima ateseke. Nilifarijika sana, nikasikitika pia kwamba nimelijua nikiwa nimechelewa.

Nyoka na ngazi haikuniumiza kiasi hicho. Watu hushangaa nikisema hivyo, maana kumezwa na nyoka ukiwa hatua chache kabla ya 100 ni uchungu usio na mfano. Lakini mchezo ule haukupi uamuzi hata mmoja. Unarusha, unasogea, basi. Ukishindwa hakuna wa kukuuliza kwa nini ulifanya vile. Drafti ndiyo iliyokuwa kinyume chake, na drafti tulicheza na baba.

Baba hakuwahi kuniachia nishinde. Hata mara moja. Alikaa kimya, kidevu mkononi, kisha anasogeza kete yake mahali ambapo ninalazimika kuila. Nilifurahi kila mara! Nakula moja, naye anaruka tatu zangu kwa mpigo mmoja na kutua upande wangu, anakuwa kingi. Nililia, na yeye akapanga kete upya bila neno. Mwaka 2007 watafiti wa kompyuta huko Kanada walitangaza kuwa wamethibitisha jambo moja kuhusu drafti ya ubao wa nane kwa nane: wachezaji wote wawili wasipokosea popote, mchezo huisha sare. Niliposoma habari hiyo nilimwona baba mbele yangu. Kila mchezo niliopoteza kwake, kulikuwa na hatua yangu moja niliyoikosea, na yeye alikuwa akiningoja niione. Nadhani alikuwa ananiheshimu, japo kwa umri ule niliona ni ukatili.

Monopoly, mchezo wa kununua viwanja na kutozana kodi, ililetwa na rafiki yetu, na ilikuja na mateso ya aina nyingine: urefu. Mtu mmoja anakamata mitaa yote mizuri, anajenga, halafu saa mbili nzima zilizobaki ni za kumlipa yeye. Ukifilisika unakaa pembeni unatazama. Ukubwani nilijifunza kwamba mchezo huo umetokana na ule ambao mwanamke wa Marekani, Elizabeth Magie, alipewa hataza yake, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, mwaka 1904. Alitaka watu waone jinsi ardhi ikiingia mikononi mwa wachache inavyowafukarisha wengine. Yaani ule uchungu wetu ulikuwa somo lenyewe. Tulilielewa barabara, ila hatukujua kama tunafundishwa.

Nikajifunza jambo jingine pia, kwamba kwa sheria halisi, mtu akikataa kununua kiwanja alichofikia, kinapigwa mnada papo hapo. Sisi tulikuwa tunakiacha tu na kuendelea, ndiyo maana michezo yetu haikuisha. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza sheria zetu nyingine zilitoka wapi.

Zilitoka kwa kaka yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa sheria za michezo yote. Ugomvi ukizuka alisema, "Imeandikwa kwenye karatasi," na ugomvi ukafa. Karatasi yenyewe hatukuiona, alisema imehifadhiwa. Katika ludo kulikuwa na sheria kwamba mtu akipita raundi tano bila kupata sita, anaruhusiwa kutoka hata kwa moja. Siku moja rafiki yetu aliitumia sheria hiyo, akatoka, na baada ya muda akaila kete yangu ikiwa imebakiza hatua mbili iingie njia ya nyumbani. Niliupindua ubao. Nilipiga kelele kwamba hiyo si haki, kwamba sheria ile ni mbaya, kwamba sitacheza nao tena maishani. Siku ya pili nilikuwa wa kwanza kukaa.

Basi jana nikampigia kaka simu, nikamwambia nimeikuta kete, kisha nikamuuliza kuhusu ile karatasi.

"Haikuwepo," akasema. "Ludo ile tulipewa imekwisha kutumika. Ilikuja bila karatasi."

"Na sheria ya raundi tano?"

Akanyamaza kidogo. "Ulikuwa unalia, mdogo wangu. Ningesema ni kwa ajili yako wangekataa. Nikasema imeandikwa."

Sikupata la kujibu. Sheria ile ile niliyoipindulia ubao ilitungwa kwa ajili yangu, na nikiwaza sana nakumbuka jioni nyingi nilizotoka kwa moja, nikachukulia kwamba ndivyo mchezo ulivyo. Kaka alibeba uongo ule mdogo peke yake bila kunidai shukrani.

Ubao bado anao. Wanawe wanauchezea, na kete ya nne ya njano iliyokosekana wameiwekea kifungo cha shati. Nikamwambia Jumamosi nitakuja, niirudishe kete mahali pake. Nikamsikia anamwita binti yake mdogo, yule anayechezea njano, kumpa habari. Mtoto akasogea karibu na simu akanisalimia, kisha akaniambia kwa adabu kwamba nije, ila kete nibaki nayo mimi, kwa sababu kifungo chake ndicho hutangulia kutoka.