Jinsi nilivyorudishiwa maili zangu 42,000

Nilikuwa nimeketi barazani Langoni, Lamu, nikitaka kumkatia mama tiketi ya Umra kwa maili zangu, zile pointi ambazo shirika la ndege humpa mwanachama anaposafiri nalo. Kufungua akaunti, salio 310. Wiki iliyotangulia zilikuwa 42,000. Mtu alikuwa amezitumia kukata tiketi ya abiria nisiyemjua.

Sikuandika barua pepe, nililipigia simu shirika la ndege. Mwizi wa maili hupenda safari ya siku chache zijazo, na ndege ikisharuka hakuna cha kufuta. "Dada, akaunti yangu imeibwa, naomba muifunge sasa hivi." Mhudumu akaifunga, akataka nakala ya pasipoti na picha ya orodha ya miamala. Baada ya siku 11 maili zilirudi, kwenye akaunti yenye namba mpya.

Kosa lilikuwa langu, tena mara mbili. Neno la siri lilikuwa lile lile la duka moja la mtandaoni nililokwisha kulisahau. Halafu pale uwanja wa Manda, nikingoja boti, nilirusha mtandaoni picha ya pasi yangu ya kupandia ndege. Ule msimbo wake wa kuchanganuliwa kwa mashine hubeba jina, namba ya kuhifadhi safari na mara nyingi namba ya uanachama. Sifa nilizipata, lakini!

Nilianza kurekebisha barua pepe, maana anayeishika hiyo hubadilisha mengine yote: neno jipya na uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya neno la siri unathibitisha tena kwa njia ya pili. Kisha akaunti ya maili, kwa neno refu lisilotumika kwingine, na arifa kila maili zinapotoka.

Pasi za ndege sasa nazichana. Mama alikwenda Umra, akarudi na tende.