Fungu la Mama Mdogo

Nilipofika Moshi kwa likizo ya Julai, mama mdogo alikuwa ameshapewa talaka. Nyumba ya Pasua aliyoishi na mumewe tangu mimi mdogo aliambiwa aihame eda ikiisha. Hati ina jina la mume, walisema, na yeye alikuwa mama wa nyumbani tu.

Mama wa nyumbani! Ni yeye aliyekuwa akiamka usiku wa manane kukanda unga wa maandazi, kukipambazuka yuko Soko la Mbuyuni na ndoo yake. Mabati ya nyumba hiyo yalinunuliwa zamu yake ya upatu ilipofika. Ukoo mzima ulijua.

Wakati huo nilikuwa nasoma Leeds, Uingereza, na somo mojawapo lilihusu wanawake na Uislamu. Tulisoma habari za Amina Wadud, mwanazuoni wa Marekani aliyeongoza sala ya Ijumaa New York mwaka 2005, na za Fatima Mernissi wa Morocco, aliyezichambua hadithi zinazonasibishwa na Mtume, zilizotumika kuwaweka wanawake kando. Ninawaheshimu sana, kwa sababu waliuliza nani amefasiri, na kwa faida ya nani. Ila darasani kila mjadala uliishia kwenye mtandio wangu. Hakuna aliyeuliza nyumba ni ya nani, na kwa wanawake niliowaacha Moshi hilo ndilo swali linaloamua watalala wapi.

Kikao kilifanyika Majengo, kwa baba mkubwa, baada ya alasiri. Wanaume walikaa kwenye makochi, sisi mkekani. Upande wa mume ulizungumza kwanza, kisha yakaja maneno ya subira, mengi mno. Nikaomba ruhusa ya kusema. Sijamaliza hata sentensi mbili, mzee mmoja wa upande wa pili akanikata: "Mwanangu, hayo umetoka nayo Ulaya."

"Hapana, babu," nikamwambia. "Yamo katika Surat An-Nisaa, aya ya 32." Nikawasomea kwamba wanaume wana fungu katika walichochuma, na wanawake wana fungu katika walichochuma. Nikawakumbusha Khawla binti Tha'laba, aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kumlalamikia mumewe, na Sura ya 58 ikaanza kwa kusema Mwenyezi Mungu ameyasikia maneno yake. Malalamiko ya mke yamesikika mbinguni, yashindwe kusikika Majengo?

Baba mkubwa, aliyefundisha madrasa miaka mingi, alinyamaza kwanza. Kisha akasema jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikia. "Kumlisha mke na kumpa makazi ni wajibu wa mume. Mali ya mke ni yake. Kama alitoa fedha yake kuezeka, basi ama alimpa mumewe zawadi, ama anamdai. Muulizeni."

Mama mdogo akaulizwa. Akatoa bahasha yenye risiti za mabati, zenye jina lake. "Sikumpa zawadi," akasema. "Nilijenga. Na sitaki kuonewa huruma, nataka changu."

Nikaongeza na ya sheria: mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, kwa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, maana mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe alizifuja. Hilo nalo nililisema, nisije nikaambiwa nimeficha. Lakini kanuni ilibaki, na wanawake wengi wameitegemea tangu hapo.

Hatukupatana siku ile. Shauri lilipitia bodi ya usuluhishi wa ndoa ya BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, kisha mahakamani, nami nikarudi chuoni kabla halijaisha. Hukumu ilipotoka alipewa fungu lake: vyumba viwili vya mbele, vinavyotazama barabara. Alinipigia siku hiyohiyo. Maneno ya pongezi hakuyataka; alitaka nimtafutie mtu wa kumwelekeza ofisi ya ardhi, jina lake liandikwe kwenye hati kabla ya Ramadhani.