"Uliifunga kweli?"

Leo siku ya nne, maneno ya Hamisi bado yananizunguka kichwani. Jumatatu, mbele ya wageni, laptopu ilizimika nikiwa slaidi ya tatu. Niliitoa nyumbani Gongo la Mboto ina chaji asilimia 80. Nafika Posta, mkoba una moto kama nimebeba chapati, betri 11.

"Dada, uliifunga kweli?"

"Niliifunga."

"Basi kuna kitu kiliiamsha."

Hiyo "kweli" ndiyo iliyonichoma. Miaka sita natumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ofisi nzima wananiletea mashine zao, halafu naulizwa kama mtoto aliyeacha bomba wazi. Hata chai ya saa nne sikunywa nao.

Jumanne Zuhura kaposwa, jana mama kahamia kwetu na masanduku yake, na mimi usiku niko na laptopu. Nilishuku usingizi wenyewe. Mashine nyingi za siku hizi husinzia tu, ile hali ya s2idle, na betri inaliwa taratibu. Nikafungua faili la /sys/power/mem_sleep, linaloonyesha aina ya usingizi iliyochaguliwa: neno deep ndilo limo kwenye mabano. Kumbe ilikuwa inalala usingizi mzito kama inavyotakiwa. Usiku mbili zimepotea hapo.

Jana ndipo nikasoma journalctl, yaani kumbukumbu za mashine, za Jumatatu asubuhi. "PM: suspend entry", "PM: suspend exit", entry, exit, tangu saa 12 na nusu hadi saa 2. Inalala, inaamshwa, inalala tena, njia nzima. Katika /proc/acpi/wakeup, orodha ya vifaa vinavyoweza kuiamsha mashine, XHC, yaani milango ya USB, ina ruhusa ya kuamsha. Na kile kidude cha USB cha mausi isiyo na waya nilikiacha kimechomekwa, mausi yenyewe imo mkobani haijazimwa, daladala inaruka kila tuta.

Kuna kitu kiliiamsha. Alisema! Nilishika sentensi ya kwanza, ya pili nikaiacha ipite. Na sasa nikiirudia sauti yake, aliuliza polepole, macho yakiwa kwenye mashine, si kwangu.

Nimeinyima XHC ruhusa. Kwa kuwa mpangilio huo hupotea mashine ikiwashwa upya, nimeandika huduma ndogo ya systemd, programu inayoanzisha kazi mashine ikiwaka, iurudishe kila mara. Leo nimefika kazini na 79. Nimefurahi mpaka nimeiangalia ile namba mara tatu. Kesho saa nne nitakaa na Hamisi, nimwambie mwenyewe kwamba alipatia.

Mama leo tena kaacha wali nusu sahani. Anasema kashiba.